Herufi Moja Kati ya Kufukia na Kufukua

Kwenye kibodi ya kawaida, herufi U na I zimekaa bega kwa bega. Sikuwahi kulifikiria jambo hilo mpaka usiku mmoja nilipokuwa zamu peke yangu, nahariri habari za mtandaoni huku usingizi umenilemea, na kidole cha kati kikawahi kabla ya cha shahada. Habari yenyewe ilihusu amri ya mahakama kwamba kaburi lifunguliwe ili mwili uchunguzwe upya. Kichwa nilichokusudia kilikuwa "Polisi wafukua kaburi". Kilichopanda hewani ni "Polisi wafukia kaburi".

Kikakaa pale dakika 40. Kikagua tahajia hakikusema lolote, maana kwake yote mawili ni maneno halali. Wala sentensi haikuwa na kasoro ya kisarufi ya kumshtua mtu. Aliyeniokoa ni msomaji mmoja, kwa ujumbe mfupi tu: "Ndugu mhariri, hao polisi ndiyo kwanza wanaanza kazi au wameshamaliza?"

Nilicheka kwanza, aibu ikaja baadaye. Nilirekebisha, nikaomba radhi, nikaandikiwa onyo la kiofisi ambalo sina ubishi nalo. Lakini swali la yule msomaji limekataa kunitoka. Amelisema kwa mzaha, ila ndani yake kuna maelezo bora zaidi ya vitenzi hivi viwili kuliko ninayoyapata kwenye kamusi. Ukipita barabarani ukamwona mtu anarusha udongo kwa koleo, huwezi kujua kwa kutazama mkono wake kama anafukia au anafukua. Mkono ni uleule, jasho lilelile. Lazima uulize kama anaanza au anamaliza.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kukitafuna hiki kitenzi, fukua, kama mwingine anavyotafuna kijiti.

Kiswahili kina tabia ya kufunga jambo kwa kitenzi kimoja na kulifungulia kwa mkia wa -ua. Ndiyo hiyohiyo funga na fungua. Unaziba, unazibua. Unakunja, unakunjua. Unatega mtego, mwenzio anautegua. Unapakia mzigo, unaupakua. Unaanika nguo, wingu likitanda unazianua. Unaezeka nyumba, upepo unaiezua. Fukia na fukua wamo katika familia hii. Na jambo linalonivutia kuhusu familia hii ni kwamba mtoto wa pili hawezi kuzungumza bila kumtaja wa kwanza. Huwezi kuzibua kisichozibwa. Ukisema mtego umeteguliwa, umekwisha kukiri kwamba kuna aliyeutega. Vivyo hivyo, ukisema kitu kimefukuliwa, umesema mambo mawili kwa pumzi moja: kimetoka ardhini, na kabla ya hapo kilifunikwa na udongo. Kitenzi kinakumbuka.

Chimba hakikumbuki kitu. Unaweza kuchimba mahali ambapo hapajawahi kuguswa tangu dunia iumbwe. Unachimba kisima, msingi, shimo la mti. Ndiyo maana siku moja mwanafunzi aliyekuja ofisini kwa mafunzo ya kazi alipoandika "walichimba mwili wa marehemu", chumba kizima kilikunja uso kabla hata hajamaliza kusoma. Hakuna aliyeweza kueleza papo hapo kosa ni nini. Mimi mwenyewe nilimwambia tu, "Sema walifukua," kama mzee anayemkataza mtoto bila sababu. Sababu niliipata baadaye: chimba inataka shimo, au kitu ambacho ardhi inacho kama mali yake, kama vile dhahabu, muhogo au mawe. Ukichimba mwili umeugeuza kuwa madini.

Hapa nitoe tahadhari kwa wale ambao tayari wanataka kuutumia mkia wa -ua kama ufunguo wa kila mlango. Chimbua haimaanishi kuondoa shimo. Ingekuwa kinyume cha chimba, basi chimbua ingekuwa kazi ya kujaza udongo, na hiyo tayari ina jina lake, kufukia. Chimbua inaelekea kulekule chimba inakoelekea, ila inakwenda mpaka mwisho, mpaka kile kilichokuwa chini kitoke na mizizi yake. Ndiyo maana tunasema chimbuko la jambo, pale lilipotokea. Na wako wenye mkia huo wasiokuwa na mwenzao hata kidogo: nunua, chukua, ugua. Ukimtafutia nunua mwenzake wa namna hiyo utakesha.

Sasa jambo lililonichukua muda mrefu zaidi kulielewa. Kama kazi inayofanyika kwenye kaburi ni kinyume cha mazishi, mbona hatutumii kinyume cha zika? Kwa kanuni ileile ungetarajia zika na zikua. Ukiitamka "zikua" mbele ya mjuzi wa lugha atakuelewa, pengine hata atatabasamu, lakini kwenye habari, mahakamani na mdomoni mwa watu, neno ni fukua. Mtu alizikwa, akafukuliwa. Jozi imevunjwa katikati.

Jibu langu, na hili ni langu tu, ni kwamba kuzika ni zaidi ya udongo. Kuna kuosha, kuna kuswali au kuombea, kuna watu waliosimama, kuna majina yaliyotajwa. Hayo yote yakishafanyika yamefanyika. Amri ya mahakama haina nguvu ya kuyarudisha. Kitu pekee kinachoweza kurudishwa nyuma pale makaburini ni udongo, na kitenzi cha udongo ni fukia. Kwa hiyo hata aliyezikwa kwa heshima zote, siku wakija na majembe na wataalamu wenye glavu, watakachofanya ni kufukua. Mazishi yake yanabaki palepale.

Upande wa pili wa jambo hilo una ukali wake. Ukisema "walimzika" umewapa heshima walio hai na aliyekufa. Ukisema "walimfukia" umewashtaki. Mtu hufukia takataka, hufukia mzoga, hufukia ushahidi. Nimewahi kukaa robo saa nzima mbele ya sentensi moja ya mashirika ya habari ya nje, nikiwa natafsiri, kwa sababu lugha iliyoletwa ilikuwa na neno moja tu la kuweka mwili ardhini na mimi nina mawili, na kuchagua mojawapo ni kutoa hukumu.

Mwezi Aprili 2023 polisi wa Kenya walipoanza kufungua makaburi katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, tatizo hili lilikuja kila siku. Wafuasi wa mhubiri mmoja walidaiwa kuambiwa wafunge kula mpaka wafe, na idadi ya miili ikapanda kwa majuma na miezi mpaka ikazidi 400. Taarifa za mwanzo zilizokuja kwa lugha nyingine zilisema miili "imegunduliwa". Ni neno sahihi, halina kosa. Lakini gundua inaanza hadithi pale macho ya mpelelezi yalipotua. Kabla ya hapo ni kimya. Tulikuwa na mwenzangu mezani, mama mmoja aliyenitangulia kazini kwa miaka mingi, ambaye kila alipoona "yagunduliwa" alifuta bila kusema na kuandika "yafukuliwa". Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Haikuota, mwanangu." Basi, hakuongeza. Fukua inakubeba mpaka kwa yule aliyefukia, hata kama jina lake bado haliwezi kuandikwa kwa sababu kesi iko mahakamani.

Nikaanza kuwapanga ndugu wengine wa kitenzi hiki kwa kuuliza swali moja: kitu kilikuwa wapi kabla hakijaonekana? Ibua inatoka majini. Kinachoibuka kilizama kwanza, na ndiyo maana hoja huibuka kwenye kikao, maana kikao chenyewe kilikuwa kimetulia kama maji. Opoa nayo ni ya majini, ila ina mkono ulionyooshwa. Fichua inatoka mafichoni, penye nia ya mtu. Funua inatoka chini ya kifuniko, haina jasho. Pekua ni ya kuku: anapangua kilicho juu akitazama kilicho katikati, na polisi wanaopekua nyumba wanafanya hivyohivyo, vitu vyote vinabaki vimetawanyika. Chokora ni kuingiza kijiti penye tundu, na huko ndiko lilikotoka lile jina la dharau wanaloitwa watoto wanaotafuta riziki kwenye mapipa. Fumbua ni ya macho na ya mafumbo.

Na vumbua? Hili ndilo linalonifurahisha kuliko yote, kwa kuwa limepanda cheo mno hata likasahau lilikotoka. Leo mvumbuzi ni mtu wa maabara, mwenye hati miliki. Lakini angalia mwenzake, vumbika: kukifunika kitu kwa majivu ya moto, kwa udongo au kwa majani, ili kiive au kishike joto. Vumbi limo ndani ya neno. Kuvumbua basi ni kukitoa kitu kwenye vumbi lililokifunika, kukipangusa, kukuta kumbe kimeiva. Naona ni picha nzuri zaidi ya uvumbuzi kuliko ile ya mtu aliyepigwa na radi ya akili. Kuna kitu kilichokuwa kinaiva gizani, na kuna aliyekuja kwa wakati.

Gundua naye ana siri yake. Kamusi za zamani zinampa maana ya kumkuta mtu ghafla, kumshtukiza akiwa hana habari. Ukiirudisha maana hiyo, baadhi ya sentensi za vitabu vya shule zinageuka vichekesho vitamu. Tulifundishwa kwamba mmisionari Johannes Rebmann aligundua Mlima Kilimanjaro mwaka 1848. Kwa maana ya leo, sentensi hiyo inakera, kwani Wachaga walikuwa wakiishi kwenye miteremko yake na hawakuwa wameupoteza. Kwa maana ya zamani, Rebmann alimshtukiza mlima. Ukweli, ukinisaili mimi, ni kwamba mlima ndio uliomgundua Rebmann. Aliandika kwamba ameona theluji karibu na Ikweta, na wataalamu wa jiografia kule London wakambishia kwa miaka.

Tofauti ya gundua na fukua niliiona wazi zaidi nilipokuwa naandika makala fupi kuhusu mifupa ya dinosaria, mijusi wakubwa wa kale, iliyotoka Tendaguru, kule Lindi. Mhandisi Mjerumani, Bernhard Sattler, ndiye anayetajwa kuigundua mwaka 1906. Kisha kati ya 1909 na 1913 msafara kutoka Berlin ukaja kuitoa ardhini. Mamia ya wafanyakazi wa eneo lile walishika majembe na patasi, wakaifunga mifupa, wakaibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Tani zinazokadiriwa kuwa 250 zikasafirishwa. Mmoja wa mijusi hao amesimamishwa hadi leo kwenye jumba la makumbusho la Berlin, urefu wake kwenda juu ukipita mita 13.

Rudi sasa kwenye sarufi ya habari hii. "Aligundua" ina nafsi moja yenye jina. "Walifukua" ina wingi usio na majina. Nilisoma rasimu yangu nikaona nimeandika hivyo bila kukusudia: Sattler kwa jina, na baada yake "wafanyakazi". Jina moja nililolipata upande ule ni la Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji, na nililiingiza aya ya pili badala ya kuliacha mwishoni kama shukrani. Mhariri mkuu aliuliza kama ni lazima. Nikasema ni lazima.

Lakini Tendaguru ilinitia pia mashaka juu ya nadharia yangu. Nimesema fukua inamkumbuka aliyefukia. Nani aliifukia mifupa ile? Hakuna mtu. Wanyama walikufa yapata miaka milioni 150 iliyopita, mchanga na tope la maji vikawafunika. Na bado "walifukua mifupa" inakaa vizuri mdomoni, haikuni sikio la mtu. Nilihangaika nalo siku mbili. Ninachoona ni kwamba kitenzi hakidai mkono wa binadamu, kinadai kufunikwa tu. Mto unafukia. Upepo wa jangwani unafukia. Kifusi kinafukia, na kwenye habari za migodi ndicho kinachofukia karibu kila mara. Kile kidogo nilichotaka kukifanya ushahidi wa mahakamani ni kipana zaidi ya nilivyotaka, na siwezi kukilazimisha.

Kuna matumizi mengine ambayo hayana jembe kabisa. Huko kwenye siasa za Tanzania, "kufukua makaburi" ni kurejea mambo ya uongozi uliopita ambayo wengi wangependa yalale. Ni msemo wa ajabu kidogo ukiufikiria, kwa sababu anayesema "tusifukue makaburi" amekwisha kukiri kwamba makaburi yapo, na anajua yalipo. Mitandaoni nako, mtu akirudisha juu andiko la miaka kumi nyuma, wenzake wanamwambia amefukua kaburi. Wenye kupenda amani hujibu kwa methali, "Yaliyopita si ndwele." Wakorofi wanapendelea ile nyingine, "Mavi ya kale hayanuki." Sikubaliani na hii ya pili. Yakifukuliwa yananuka, na wanaoitumia zaidi ni wale wenye sababu ya kuomba upepo uvume upande mwingine.

Nimalizie mambo madogo ya kiufundi, maana najua wako wanaosoma hapa kwa ajili ya hayo. Fukuza haina undugu na fukua, ingawa sura zinafanana kama mapacha. Mtu akiandika "ufukuzi wa mwili" amesema mwili umefukuzwa, kama mpangaji asiyelipa kodi. Sema ufukuaji. Fukiza nayo ni ya ubani na moshi, iko na ndugu zake fuka na fukuto, usiilete makaburini. Na katika kauli ya kutendwa, fukua inachomoza herufi L iliyokuwa imejificha: fukuliwa. Fukia haina L hiyo: inakuwa fukiwa.

Hiyo L ndiyo bima yangu siku hizi. Tangu usiku ule siandiki tena "wafukua" kwenye kichwa cha habari kama naweza kukwepa. Naandika "lafukuliwa". Kidole kiteleze kitakavyo, "lafukiliwa" haipo, na kikagua tahajia kitapiga kelele. Walimu wa uandishi husema vichwa vya habari vitumie kauli ya kutenda, vina nguvu zaidi. Wako sahihi. Mimi nimechagua usingizi.

Juzi nilikuwa zamu na yule mwanafunzi wa "walichimba mwili", ambaye sasa ameajiriwa na ananishinda kasi. Ilikuja habari ya wachimbaji waliofukiwa na kifusi mgodini, siku ya pili, na baadhi yao wamepatikana wakiwa wanapumua. Akaandika kichwa, akasita, akazungusha kiti.

"Kaka, mtu hai anafukuliwa?"

Kanuni zangu zote zilisema ndiyo. Alifukiwa, kwa hiyo amefukuliwa, jozi imetimia. Nikaisema kwa sauti, "wachimbaji sita wafukuliwa", nikasikia jinsi inavyosikika sebuleni kwa mke au mama anayesubiri simu.

"Andika watolewa hai," nikamwambia. Akaandika, tukasoma pamoja herufi kwa herufi, tukarusha.